Kujumlisha Uzito wa Korosho kwa Maelekezo ya Vekta

Karibuni, watazamaji. Ninarekodi video hii nikiwa Mtwara mjini, na kwa kuwa huku mizani ya korosho haipumziki msimu ukifika, nimetengeneza faili la majaribio lenye magunia 1,000,000, kila gunia likiwa na kilo 79.4. Nimeyapa uzito sawa kwa makusudi, ili jibu sahihi lijulikane tangu mwanzo: kilo 79,400,000.

Kwanza, hakikisheni kwamba kichakataji chenu kinayajua maelekezo ya vekta ya AVX, yaani amri za kukokotoa namba nyingi kwa pamoja, ambayo Intel iliyaingiza sokoni mwaka 2011. Kwenye Linux, andikeni grep avx /proc/cpuinfo. Neno hilo likionekana, endeleeni. Rejista ya AVX, yaani kihifadhi kidogo ndani ya kichakataji, ina biti 256, nasi tunatumia namba za desimali za biti 32, kwa hiyo rejista moja ina vyumba 8. Mbanguaji mmoja hushika korosho moja moja. Hapa tumewaketisha wabanguaji wanane kwenye mkeka mmoja, na kila tamko la amri wote wanabangua kwa pamoja.

Pili, andikeni kitanzi (amri zinazojirudia) cha kawaida katika lugha ya C kinachojumlisha gunia baada ya gunia, kisha mkikompaili kwa GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za kichakataji, kwa -O3 -mavx -fopt-info-vec-missed. GCC haitakubali kujumlisha namba hizo nane nane kwa pamoja. Si uzembe wake. Kwa namba za desimali, kubadili mpangilio wa kujumlisha hubadili jibu, na kompaila haina ruhusa ya kubadili jibu lenu bila ninyi kuiruhusu.

Sasa tazameni jibu la kitanzi hicho kwa makini, maana hapa ndipo penye uzito wa somo: limezidi ukweli kwa zaidi ya tani 400. Namba ya biti 32 ina biti 24 tu za tarakimu, hivyo jumla ikishavuka 16,777,216 haiwezi tena kushika kilo mojamoja, bali huruka mbilimbili, na gunia la kilo 79.4 huingia kama 80. Magunia yote yaliyobaki, ambayo ni zaidi ya laki saba, yanaongezewa uzito ambao hakuna mkulima aliyeuleta ghalani.

Tatu, tuandike toleo la vekta wenyewe. Ingizeni immintrin.h, faili lenye majina ya amri za AVX, anzisheni jumla kwa _mm256_setzero_ps, halafu katika kila mzunguko pakieni namba 8 kwa _mm256_loadu_ps na kuziongeza kwa _mm256_add_ps. Kila chumba sasa kinabeba magunia 125,000 tu, jumla yake haifiki hata kilo milioni 10, na kosa linashuka hadi chini ya tani 10. Kasi imepanda na jibu limekaribia ukweli kwa wakati mmoja, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Hata hivyo, kwa malipo halisi ya wakulima nawasihi mtumie namba za biti 64, ingawa rejista itabeba 4 badala ya 8.

Nne, ongezeni rejista za jumla ziwe 4 zisizotegemeana. Katika vichakataji vya Intel vya kizazi cha Skylake, jumlisho moja huchukua mizunguko 4 ya saa ya ndani ya kichakataji kukamilika, ilhali kichakataji kinaweza kuanzisha mawili katika kila mzunguko wa saa hiyo. Mkiwa na rejista moja, kila jumlisho linasubiri lililotangulia, na sehemu kubwa ya uwezo inakaa bure.

Mwishoni mwa kitanzi, mwageni vyumba vyote kwenye safu ndogo kwa _mm256_storeu_ps na kuvijumlisha. Idadi ya magunia isipogawanyika sawasawa, yale ya mwisho yajumlishwe moja moja kwa kitanzi cha kawaida. Msithubutu kupakia kutoka nje ya mwisho wa safu.

Programu hii ikipelekwa kwenye kompyuta ya zamani isiyo na AVX, itakatika palepale kwa kukutana na agizo lisilojulikana. Kwa hiyo wekeni toleo la vekta katika faili lake, faili hilo pekee mlikompaili kwa -mavx, na kabla ya kuliita mwulize kichakataji kwa __builtin_cpu_supports("avx"). Kikikana, iiteni ile ya kawaida.