Usiiue 3100 kwa Sababu ya Mshale wa Geji

Ndugu zangu, historia ya Advance-Design, ule mfululizo wa pikapu na malori ya zamani ya Chevrolet, mnaijua, siirudii. Chevrolet waliitoa kiangazi cha 1947, ikauzwa hadi mapema 1955. Sifa za ile pikapu ya nusu tani, 3100, mnaimba kila siku: grili ya vyuma vitano vilivyolala, taa zilizokaa kwenye madigadi, vioo vya kona ambavyo mnunuzi alilipia zaidi. Sawa. Sasa tufungue boneti, maana uharibifu wenu unaanzia hapo: mnaona geji ya presha ya oili iko chini, mnadhani injini inakufa.

Hadi mwaka wa 1953, 3100 ilitembea na injini ya silinda 6 za mstari mmoja, inchi za ujazo 216, nguvu farasi 90 hivi. Metali kubwa, yaani beringi zinazoshikilia krenki, zinapata oili kwa presha. Konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, hazipati. Badala yake, chini ya kifuniko cha kila konrodi kuna kijiko kidogo cha bati, na ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini, kuna vihori vya oili na vijibomba vinavyoelekezwa juu. Injini ikizunguka taratibu, kijiko kinachota kihorini. Ikichanganya, oili inayoruka kutoka kwenye kijibomba inakikuta kijiko njiani na kuingia kwenye beringi.

Ndiyo maana geji ya oili ya kiwandani inaishia presha ya pauni 30 kwa inchi ya mraba. Ukiwa barabarani mshale ukasimama kwenye 14 hivi, injini ni nzima, endesha! Lakini mtu anautazama, anakumbuka gari lake la kisasa, anakimbilia kumimina oili nzito. Asubuhi ya baridi kijiko kinachota nini hapo? Mwingine anatia jeki chini ya sampu. Sampu ikibonyea, kihori kinasogea, kijibomba kinalenga pembeni, na konrodi moja inakaa na kiu huku geji haisemi lolote.

Mtaniambia, "Lakini yangu inagonga kweli." Inawezekana. Konrodi hizi hazina metali za kuvua na kutupa. Babiti, madini laini ya beringi, imemiminwa moja kwa moja kwenye chuma. Nafasi ikizidi, unatoa vibati vyembamba vilivyo kati ya konrodi na kifuniko chake, kimoja kimoja, huku ukipima. Babiti ikiwa imepasuka au kumeguka, vibati havisaidii: imiminwe upya. Na kilichoimaliza hiyo babiti ni mwendo. Difu ni 4.11, yaani propela shafti inazunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja. Kwa kilomita 80 kwa saa krenki inazunguka karibu mara 2,500 kwa dakika. Kwa 100 inapita 3,000, na nguvu zake zote ziko kwenye 3,300. Hili ni gari la shamba la Iowa huko Marekani, jamani, mnalikimbiza kwenye barabara kuu kutwa nzima!

"Basi tuweke V8, injini ya silinda nane." Nilijua mngefika huko. Propela shafti ya 3100 imefungwa ndani ya bomba linalotoka giaboksi hadi difu, kwa hiyo ukibadilisha giaboksi, ekseli ya nyuma nayo inakudai. Na bomba hilo lina ugonjwa wake: bushi na sili ya mbele zikichakaa, oili ya giaboksi inateremka taratibu hadi kwenye difu. Giaboksi linakauka, difu inafurika, kisha oili inatokea kwenye breki za nyuma. Fundi anabadilisha sili za magurudumu mara mbili, tatu, bila kupima oili ya giaboksi!

Anayetaka mwendo atafute injini ya inchi za ujazo 235 ya 1954, iliyopeleka oili kwa presha hadi kwenye konrodi. Ndio mwaka huohuo wa kioo kimoja cha mbele na grili mpya. Tangi la petroli kuhamia ndani ya kabini mwaka 1949 nimeliruka, muda hautoshi. Breki kwa haraka: hadi 1950 ni za aina ya Huck, kuanzia 1951 ni za Bendix. Kabla ya kuagiza viatu vya breki, fungua drami uone ulicho nacho, kwa sababu wenye magari haya wameshabadilishiana ekseli miaka 70.