Kabla Hujatia Saini: Majaribio ya Dawa za Saratani ya Matiti

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Dodoma, Singida na kwingineko. Mama mmoja mwenye saratani ya matiti ameambiwa kuna dawa inafanyiwa utafiti, naye anaogopa atapewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa, huku uvimbe unakua. Kaka Daudi, tuanzie hapo.

DAUDI: Kwenye saratani, kundi la kulinganisha kwa kawaida hupewa tiba inayotumika sasa. Kidonge kitupu kikiwepo, mara nyingi huongezwa juu ya tiba hiyo. Aulize tu: "Kundi lile jingine linapata nini?" Jibu lazima liwemo kwenye fomu ya ridhaa. Na kompyuta ndiyo inayogawa makundi. Daktari akichagua mwenyewe, wenye nafuu wanaweza kurundikana upande mmoja na matokeo yakadanganya.

NEEMA: Na awamu za majaribio?

DAUDI: Ya kwanza hutafuta kipimo cha dawa ambacho mwili unakimudu. Ya pili huangalia kama uvimbe unasinyaa. Ya tatu hulinganisha na tiba ya kawaida kwa watu wengi.

NEEMA: Mimi nataka tukae kwenye kinyama, kile kipande cha uvimbe kinachokatwa kwenda kupimwa. Wengi hukwama hapo hata kabla ya kuonyeshwa fomu.

DAUDI: Kweli kabisa, dada. Tafiti nyingi huchagua wagonjwa kwa vipokezi, yaani protini za seli ya saratani zinazopokea ishara za kukua: vya homoni za estrojeni na projesteroni, na kile kiitwacho HER2. Kinyama kikishatolewa kiingie kwenye formalini, maji ya dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10 ndani ya saa 1, formalini iwe kama mara 10 ya ujazo wa nyama, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikiwekwa kwenye kikopo kidogo, formalini ikagusa nje tu, katikati kinaoza. Kipimo kinaweza kusema vipokezi havipo, kumbe vilikuwepo.

NEEMA: Na HER2 husomwa kuanzia 0, yaani hasi, hadi 3+, yaani chanya.

DAUDI: Hiyo 2+ haijaamua kitu, inahitaji kipimo cha pili cha jeni. Usikubali iandikwe hasi hivihivi. Uliza pia bloku ya nta yenye kinyama chako imehifadhiwa wapi, maana watafiti huiomba waipime upya. Trastuzumab, dawa ya wenye HER2 chanya, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Majaribio yake ndiyo yaliyoonyesha kwamba inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana anayeitumia hupimwa moyo kila baada ya miezi 3 hivi.

NEEMA: Tuje kwenye fomu ya ridhaa. Huku Bara, jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, ndipo aweke dole gumba. Nakala aondoke nayo.

DAUDI: Nauli ya Kondoa au Mpwapwa kila kliniki analipa nani? Akidhurika, nani anagharamia? Utafiti ukiisha na dawa inamsaidia, ataendelea kuipata? Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo linaloumiza zaidi. Kujitoa anaruhusiwa wakati wowote na tiba yake ya kawaida inabaki palepale, ila asiache kimya kimya. Aseme, ili madhara yafuatiliwe.

NEEMA: Na usiku, yuko Kibakwe, homa imefika nyuzi 38?

DAUDI: Akiwa kwenye kemo, dawa kali za kuua saratani, hiyo ni dharura, aende usiku huohuo. Abebe nakala ya fomu yenye jina la dawa na simu ya timu ya utafiti, maana mganga wa zamu pale huenda hajawahi kuiona dawa hiyo.