Msiwashe Upya Seva Kabla Hamjaiangalia

Mhadhara kwa wasimamizi wa mifumo ya kompyuta, Moshi

Ndugu zangu, jambo hili nimelisema Arusha, nimelisema hapa Moshi, na leo nalisema tena kwa sababu simu za usiku hazijakoma. "Mwalimu, matumizi ya prosesa yalikuwa yamepanda, nimezima seva nikaiwasha, sasa iko shwari." Haiko shwari. Umefuta ushahidi. Tatizo litarudi, na likirudi utakuwa hujui lolote zaidi ya ulichokijua jana.

Misingi ya Linux mnayo, siirudii. Naanza na swali: nani kati yenu amewahi kujumlisha asilimia za michakato yote, yaani programu zinazoendeshwa, kwenye top, ile amri inayoonyesha matumizi ya prosesa, akalinganisha na asilimia ya jumla iliyoandikwa juu? Naona mikono miwili. Basi hapo ndipo tutakaa leo.

Kumbukeni kwamba asilimia ya mchakato kule chini kwa kawaida inahesabiwa kwa prosesa moja, na ile ya juu ni ya prosesa zote kwa pamoja. Seva ikiwa na prosesa 16, kule chini hesabu inaweza kufika 1600. Kwa hiyo jumla ya chini igawe kwa 16, ndipo ulinganishe. Zikipishana sana, usikimbilie kusema top inadanganya. Pengo hilo ndilo linalokupa pa kuanzia.

Kuna taasisi moja ya fedha ya wakulima, jina naliacha. Seva yao ina prosesa 16. Theluthi hivi ya uwezo ilikuwa inaliwa saa zote, hata Jumapili usiku wa manane ambapo hakuna mwanachama anayeweka wala kutoa. Theluthi ya 16 ni zaidi ya prosesa tano nzima! Ukitazama orodha, mchakato wa kwanza una asilimia 4, wa pili 2, wanaofuata sufuri. Walishawasha upya mara nyingi, na barua ya kuomba seva kubwa zaidi kabla ya msimu wa kahawa ilikuwa mezani kwa meneja.

Nikamwambia kijana wao: andika ps, amri ya kuorodhesha michakato, soma namba ya mchakato wa ps yenyewe. Hesabu hadi kumi, andika tena. Kila mchakato mpya hupewa namba inayofuata, kwa hiyo kwenye seva iliyotulia namba inasogea kidogo tu. Pale iliruka kwa maelfu. Maana yake kuna michakato inazaliwa na kufa kwa wingi, na top haiioni, kwa sababu inatazama kila baada ya sekunde 3 hivi. Ni sawa na kupiga picha stendi ya Moshi kila baada ya dakika tatu: bodaboda aliyeingia na kutoka katikati hayumo kwenye picha hata moja, lakini ameshabeba abiria. Muda wa prosesa uliotumika unabaki kwenye jumla ya keneli, yaani kiini cha Linux, ila mchakato wenyewe umeshaondoka kwenye orodha.

Tukafungua faili la /proc/stat, mstari unaoanza na neno processes. Hiyo ni hesabu ya michakato yote iliyoanzishwa tangu seva iwake. Huhitaji kusakinisha kitu, isome mara mbili utoe tofauti. Kisha tukaendesha execsnoop, inayoandika kila programu inapoanzishwa, na jibu likamwagika kwenye skrini: grep, awk, grep, awk, bila kikomo, zote zina mzazi mmoja, yaani zimeanzishwa na programu moja. Ilikuwa skripti ya kukagua kama hifadhidata iko hai. Mtu aliihariri akaondoa mstari wa sleep, ule unaoiambia isubiri kidogo, ikawa inazunguka bila kupumzika. Na kwa kuwa inaanza pamoja na seva, kila walipowasha upya waliianzisha upya pia. Tukarudisha mstari ule mmoja, prosesa zikatulia. Barua ya seva mpya ikatolewa mezani.

Najua kuna atakayesema: mbona mara nyingine kuwasha upya kunaponya kweli? Kunaponya, sikatai. Tarehe 1 Julai 2012, ilipokaribia saa tisa usiku kwa saa zetu, dunia iliongeza sekunde moja kwenye saa rasmi. Seva nyingi za Linux, hasa zenye Java na MySQL, zikapandisha prosesa ghafla bila kazi yoyote mpya. Vipima muda vya keneli vilikuwa vimetangulia saa kwa sekunde moja, hivyo nyuzi, yaani vipande vya programu vinavyoendeshwa sambamba, zilizoomba kulala kwa chini ya sekunde ziliamshwa papo hapo, zikaomba tena, zikaamshwa tena. Aliyewasha upya alipona. Lakini aliyechunguza aligundua kwamba kuiweka saa upya kwa amri ya date kunatosha, bila kumkatia huduma mteja hata mmoja.

Muda umekwisha, haya mengine naenda mbio. Andikeni mpstat -P ALL 1, mtazame kila prosesa peke yake. Prosesa moja kati ya 16 ikijaa kabisa, wastani unaonyesha 6.25 tu, nanyi mnaandika kwenye ripoti kwamba seva imepumzika! Safu ya soft, yaani muda wa kushughulikia kazi za vifaa kama mtandao, ikijaa kwenye prosesa moja, someni faili la /proc/interrupts, huenda kadi ya mtandao inaituma kazi yote huko. Safu ya sys, yaani muda wa keneli yenyewe, ikipanda, tumieni perf top muone keneli inafanya nini. Safu ya steal ikipanda, zungumzeni na anayewakodishia seva pepe, kwa sababu muda huo mlinyimwa. Na wastani wa mzigo kwenye Linux unahesabu hata michakato inayosubiri diski, kwa hiyo ukiwa 30 huku prosesa zimelala, kaangalieni diski.

Habari za kumbukumbu iliyogawanywa kati ya prosesa naziacha, zinahitaji siku yake. Dada uliyenyoosha mkono kule nyuma, uliza, ila kwanza nitajie: jumla ya chini kwenye seva yenu ni ngapi?