Macho kwenye skrini: kupigia muziki sinema bubu

Habari za jioni, ndugu zangu. Nianze na ninyi mnaopiga kinanda kanisani, maana hapa Moshi hamkosekani. Mchungaji anapoanza kuomba unashusha sauti, unashikilia kodi mbili tatu, zile noti zinazopigwa pamoja, macho hayambanduki. Akipandisha, unapanda naye. Akifika "amina" ghafla, umeshatua. Nusu ya ufundi wa leo mnayo tayari.

Sinema bubu hazikuwa kimya. Ndugu wawili Lumière, Wafaransa waanzilishi wa sinema, walipoonyesha picha zao Paris, tarehe 28 Desemba 1895, piano ilipigwa. Baadaye majumba makubwa ya sinema yakaajiri okestra nzima, na madogo yakabaki na mpiga piano mmoja gizani. Ilipofika 1927 filamu zikaanza kuongea, na maelfu ya wanamuziki hao wakapoteza kazi.

Ugumu wao ulikuwa mwendo. Kamera zilizungushwa kwa mkono, mashine za kuonyeshea nazo hazikuwa na mwendo mmoja, na kasi ilibadilika, mara nyingi kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde. Filamu ileile ingeweza kuisha mapema leo na kuchelewa kesho. Ukiandaa wimbo wa dakika nne kwa tukio la dakika tatu, umeachwa. Andaa vipande vifupi unavyoweza kurudia au kukatisha popote, halafu usitazame vidole.

Mwaka 1924 Ernö Rapée, kiongozi wa okestra za sinema, alichapisha mkusanyiko wa vipande vya kazi hii. Pembeni mwa kila ukurasa kuna orodha ya hali, kama huzuni, vita, dhoruba na reli, pamoja na namba za kurasa, ili mpigaji afunue upesi. Ni akili kubwa, naiheshimu. Lakini humo kuna fungu moja linaloitwa "Mashariki", kana kwamba watu wote wa huko wana mlio mmoja. Kwa nini tuazime orodha hiyo? Zeze lipo, marimba zipo, na tarumbeta za Walutheri zinatosha kupigia vita yoyote.

Ila chungeni nyimbo zinazojulikana. Mama yuko kwenye skrini, amekaa mlangoni, amemzika mwanawe. Ukimpigia tenzi ya msibani, ukumbi utaanza kuimba. Ubeti wa pili hakuna anayemtazama tena yule mama. Chukua noti tatu za mwanzo za tenzi hiyo, zivute, usifike kwenye kiitikio. Na mama akiinua uso, acha kabisa. Wengi huogopa kunyamaza wakidhani wataonekana wamepotea. Mimi naona hapo ndipo mpigaji mzuri anapojulikana.

Haya, tujaribu. Mwenye zeze asogee huku kushoto, aione skrini bila kugeuza shingo. Wa marimba, subiri farasi waingie. Tukio hili tutalirudia mara mbili, la pili bila ngoma, kisha mniambie yule mwanamume anayegonga mlango amekuja kwa heri au kwa shari.