Taa Nyekundu Imewaka Kwenye Haibridi: Utengeneze au Uuze? Tunapima Prius ya 2008 Hapa Moshi

Karibuni ndugu zangu. Leo niko uani kwangu Majengo, Moshi, na gari mnaloliona nyuma yangu ni langu mwenyewe. Ni Toyota Prius ya mwaka 2008, namba D, gari la haibridi: lina injini ya petroli na mota ya umeme inayotumia betri kubwa. Wiki tatu zilizopita, nikitoka Himo, liliwasha ile pembetatu nyekundu kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza hata boneti hakufungua. Aliangalia taa, akatikisa kichwa: "Dada, betri imekufa hiyo. Tafuta mteja uuze wakati bado linatembea." Nilikaribia kumsikiliza.

Kama gari lako limezeeka, taa imewaka, na hela yenyewe ndiyo hiyo hiyo ya ada ya watoto, kaa nami. Nitakuonyesha nilichopima na nilivyoamua. Msimamo wangu nausema mapema: betri kubwa ikichoka, gari halijafa. Magari mengi haya yanakufa kwa injini iliyoachwa ichemshe, na kwa matengenezo ya kubahatisha yanayommaliza mwenye gari mpaka akachoka nalo.

Hatua ya kwanza haihitaji fundi. Inahitaji daftari. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita. Endesha kama siku zote, usijitie upole kwa sababu unapima. Rudi sheli ile ile, jaza tena, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoweka. Usipime kwa safari moja ya Marangu. Lango la mlima liko juu ya mita 1,800, kwa hiyo ukipanda litakula sana, na ukishuka utadhani halinywi kabisa. Pima matanki mawili mazima.

Langu lilikuwa linanipa kilomita 20 kwa lita. Sasa linanipa 15. Natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi, kwa hiyo zamani nilihitaji lita 50, leo nahitaji karibu 67. Kwa mwaka ni lita 200 za ziada. Zidisha kwa bei ya sheli yako, hapo unaona betri gonjwa inakugharimu nini ukiiacha hivyo hivyo. Sasa geuza upande wa pili. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 10 kwa lita lingekula lita 100 kwa mwezi. Prius yangu, na ugonjwa wake, bado inakula lita 33 pungufu. Anayekuambia uuze ununue gari la petroli tupu, mwonyeshe hesabu hiyo kwanza.

Hatua ya pili, betri ndogo. Twende kwenye buti. Inua hiki kifuniko, upande wa kulia, ndiyo hii hapa. Hii ya volti 12 haiwashi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari, na ikilegea kompyuta zinachanganyikiwa, taa zinawaka ovyo, unaambiwa betri kubwa imekufa. Gari likiwa limezimwa usiku mzima, weka mita. Ikisoma volti 12.5 hivi, iko sawa. Ikiwa chini ya 12, ichaji au ibadilishe kabla hujalipia kingine chochote. Ukibadilisha, usikubali ufungiwe betri yoyote tu ya dukani. Hii inakaa ndani pamoja na abiria, kwa hiyo lazima iwe ya kufungwa, yenye mpira mdogo wa kutolea gesi nje. Yangu ilisoma 12.6. Basi haikuwa hiyo.

Hatua ya tatu ndiyo itakayokutenganisha na mafundi wa kubahatisha, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukienda kupima kwa mashine, watakupa namba ya hitilafu. Kwa Prius mara nyingi ni P0A80, yaani gari lenyewe linasema badilisha betri kubwa. Usiondoke na namba hiyo peke yake. Omba uone volti za kila jozi. Betri ya Prius hii ina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6, na mashine inavionyesha viwili viwili, jozi 14. Gari likiwa limesimama, jozi zote zinaweza kufanana kabisa, ukaambiwa haina shida. Kwa hiyo mwombe fundi akae pembeni na mashine, wewe panda mlima. Sisi tulitoka Himo kuelekea Marangu Mtoni. Jozi 13 zilishuka pamoja, taratibu, kama watu wanaobeba jeneza. Ya sita ikaanguka peke yake, zaidi ya volti moja na nusu chini ya wenzake, na kila nikikanyaga mafuta inaanguka tena. Tofauti ikipita volti moja gari likiwa linajikaza, kama kwenye mlima, na ikawa inajirudia, jozi hiyo imechoka.

Dalili unayoweza kuiona bila mashine ni hii: vile vistari vya chaji kwenye skrini vinaruka. Vimejaa, dakika mbili mbele viko viwili, halafu vimejaa tena. Lakini ukishuka kutoka mlimani, vistari vimejaa na injini ikaanza kunguruma, usiogope. Betri haina tena pa kuweka umeme, gari linazungusha injini ili likusaidie kufunga breki. Liko sawa.

Hatua ya nne, tundu la hewa. Hili hapa pembeni ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, lenye wavu mweusi. Betri inapumua kupitia hapa. Kwenye Toyota Aqua, haibridi nyingine, betri iko chini ya kiti cha nyuma, na tundu liko chini huko huko. Mimi kila Jumamosi nabeba ndizi na maharage kutoka Uru, na gunia nalilaza hapa hapa. Sogea na kamera, karibu zaidi. Hii ndiyo feni niliyoitoa. Ona mapezi yake: vumbi jekundu limeshikana na nyuzi za gunia na nywele mpaka limekuwa kama kipande cha blanketi. Nimeling'oa kwa kidole, likatoka zima. Betri za aina hii zinauawa na joto, na mimi nimeiziba pumzi miaka sita bila kujua. Safisha feni kwa brashi laini, na mzigo usiweke hapo tena.

Hapo kwenye feni ndipo kazi yako wewe inapoishia. Zile nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Nyuma yake kuna volti 200, na inveta ya Prius hii, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, inazipandisha mpaka 500. Hata fundi anayejua anachomoa kwanza kile kishikio cha usalama, anavaa glavu za umeme, na anasubiri dakika 10 kabla hajafungua. Ukimwona anaingiza spana papo hapo, chukua ufunguo wako uondoke.

Hatua ya tano, injini, na hii naiheshimu kuliko betri. Asubuhi, gari likiwa baridi, angalia kopo la kulanti, yaani maji ya kupoza injini, weka alama kwa kalamu, angalia tena baada ya wiki. Ikishuka na hakuna panapovuja chini, injini inainywa. Sikiliza inapowaka mara ya kwanza: ikitetemeka kwa nguvu sekunde kadhaa kisha ikatulia, shuku gasketi ya silinda hedi. Wenye Prius za 2009 mpaka 2015, zenye injini ya 1.8, hili liwe la kwanza kwenu. Njia inayorudisha moshi kwenye injini inaziba kwa masizi, na gasketi zake zinajulikana kwa kuungua. Wengi wanaambiwa ni betri kumbe ni hiyo. Kopo la pili la kulanti, la inveta, nalo lina pampu yake ndogo. Washa gari, fungua kifuniko, tazama. Maji yakiwa yamelala tu bila kucheza, pampu imekufa, na ukiacha utaunguza kitu cha bei kubwa zaidi. Breki zisikilize ukiwa umesimama: pampu yake ikilia kila baada ya sekunde chache wakati hujagusa pedali, weka bei ya breki kwenye hesabu.

Bodi, shokapu na bushi sizungumzii sana. Fundi wa kawaida atakuambia.

Sasa uamuzi. Ukisikia mtu anasema atoe mfumo wa haibridi ubaki na petroli, mkatalie. Prius haina staa wala altaneta. Injini inawashwa na mota inayotumia betri kubwa, kwa hiyo bila betri hiyo gari haliendi popote.

Kama injini ni nzima, bodi ni nzima, kilichobaki ni betri peke yake, mimi natengeneza. Gari jingine la umri huo huo kutoka Japani linakuja na betri yenye umri huo huo, na juu yake unalipa ushuru wa uchakavu. Kama injini imeunguza gasketi na betri nayo imechoka, uza kwa wauza spea, wala usijilaumu. Kama una wasiwasi, uliza vitu vitatu: gari kama lako zima linauzwaje hapa mjini, bovu kama lilivyo linauzwaje, na matengenezo yote ni kiasi gani. Matengenezo yakizidi tofauti ya bei hizo mbili, usiuze bado: ongeza kwenye tofauti hiyo bei ya zile lita unazookoa kwa mwaka, mara miaka unayokusudia kukaa nalo, kisha linganisha tena.

Na usibadilishe kipande kimoja kimoja. Mwaka juzi gereji moja ilinibadilishia vipande viwili, nikafurahi kwa sababu ilikuwa rahisi. Miezi mitano baadaye jozi nyingine ikaanguka, nikalipa tena, na leo ni hii jozi ya sita. Kipande kipya kikiwekwa katikati ya wazee, wazee wanaendelea kufa mmoja mmoja. Nunua betri nzima, na kama ni iliyotumika, ipimwe kwenye mlima kabla hujamaliza kulipa.

Langu injini haijapoteza kulanti hata kidogo, alama ya kalamu iko pale pale. Natengeneza. Betri inafungwa Alhamisi, na Ijumaa najaza tanki kwenye sheli ile ile, naandika kilomita kwenye daftari hili hili.