Wajukuu, Wanakondoo na Masika ya Kinangop

SHANGAZI: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Kinangop, kaunti ya Nyandarua, mwezi wa Aprili. Shule zimefungwa, wajukuu wameletwa kwa nyanya na babu, na zizini kondoo wanazaa. Kila mwaka mambo haya matatu hukutana katika boma moja.

MJOMBA: Na hayakutani kwa bahati, Shangazi. Kondoo hubeba mimba siku 147 hadi 150 hivi. Dume ukimwachia majike tarehe 1 Novemba, wanakondoo utaanza kuwapokea mwishoni mwa Machi. Wakati huo masika yameanza, majani yanaota, na mama anapata cha kumtia maziwa. Wengi wa nyanda za juu hupanga hivyo makusudi. Taabu ni kwamba mvua hiyohiyo inakuja na tope na baridi ya usiku.

SHANGAZI: Na mwanakondoo huja duniani akiwa amelowa chepechepe.

MJOMBA: Hapo ndipo wanapokwisha. Wanaokufa siku za mwanzo wengi wao huuawa na njaa na baridi, na hivyo viwili hufuatana. Aliyezaliwa ana mafuta machache mwilini ya kumpa joto kwa saa chache tu. Asiponyonya, joto linaisha. Joto likiisha, anakosa nguvu ya kunyonya.

SHANGAZI: Basi tuanze na saa hizo za kwanza, kwa sababu ndizo watoto wanazozitamani kuliko zote. Mjukuu wa miaka sita akisikia kondoo amezaa, mbio hadi zizini, anataka kumbeba.

MJOMBA: Asimbebe. Saa ile ya kwanza ni ya mama na mwana. Mama anamlamba, anashika harufu yake, anamwitia kwa sauti ya chini ambayo siku nyingine huisikii. Ukimwondoa mmoja wa mapacha kwa dakika kumi, ukamrudisha ananuka sabuni na sweta, mama anaweza kumpiga kichwa na kumkataa kabisa. Ndiyo umejitengenezea wa kulea kwa chupa.

SHANGAZI: Mpe mtoto kazi ya kutazama. Akae nje ya uzio, kama hatua kumi hivi, na saa ya ukutani au simu ya nyanya. Kazi yake ni kukumbuka nyakati tatu: mfuko wa maji ulipotokea, mwana alipotoka, na aliposimama akanyonya. Hiyo ni kazi ya kweli. Mama akisukuma saa nzima baada ya mfuko kutokea na hakuna kinachosonga, daktari wa mifugo aitwe, na jambo la kwanza atakalouliza ni saa ngapi ilianza.

MJOMBA: Na mtoto anaweza kufundishwa kuona kama mwana amekaa sawa. Zinazotangulia ni kwato mbili za mbele, na pua imelala juu yake. Ukiona mguu mmoja na pua, au mkia peke yake, mwite mtu mzima mara moja.

SHANGAZI: Sasa mwana ametoka. Mtu mzima anafanya nini?

MJOMBA: Anafuta utando puani na mdomoni. Anachovya kitovu chote, mpaka kwenye ngozi ya tumbo, ndani ya tingcha ya iodini. Tumia kikombe kidogo kwa kila mmoja, usimwage juu ya kitovu. Kitovu kisipotiwa dawa, vijidudu hupanda kwa njia hiyo hadi kwenye viungo, na baada ya wiki moja au mbili unamwona anachechemea, magoti yamevimba. Halafu anakamua kila chuchu ya mama mara moja au mbili, kwa sababu huwa ina kizibo cha nta ambacho mwana mnyonge hawezi kukifungua.

SHANGAZI: Kisha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa.

MJOMBA: Dang'a, na mapema. Hesabu yake ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, ndani ya saa mbili za kwanza. Wa kilo 3 anahitaji mililita 150. Kwa siku nzima ya kwanza anahitaji mara nne ya hiyo, yaani mililita 600. Utumbo wake hupokea kinga kutoka kwenye dang'a kwa muda mfupi tu, na saa 24 zikipita mlango umefungwa. Mama akiwa hana, kamua ya kondoo mwingine aliyezaa siku hiyo, au tumia dang'a ya mbuzi au ng'ombe mwenye afya. Ukitumia ya ng'ombe ongeza kiasi, maana ni nyepesi kuliko ya kondoo. Unaweza kuigandisha mapema katika vichupa vidogo. Kuyeyusha ni kwa kuweka kichupa ndani ya maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha, kinga yote imekufa, umempa maziwa tu.

SHANGAZI: Tuseme asubuhi mjukuu amemkuta mmoja amelala pembeni, kichwa chini, na ukimtia kidole mdomoni ni baridi. Nyumba nyingi wanakimbilia kumtilia maziwa kooni.

MJOMBA: Na hapo ndipo anapouawa na mtu anayempenda. Pima joto kwanza, kipimajoto kiingie nyuma. Wa kawaida ana nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39, mkaushe, mpe dang'a, mrudishe kwa mama mahali pakavu. Akiwa chini ya 37 na hana hata saa tano tangu azaliwe, mkaushe, mtie joto mpaka apite 37, ndipo umlishe. Akiwa chini ya 37 na ameshapita saa tano, sukari mwilini imekwisha. Ukimpasha joto tu, mwili unaamka, unadai sukari isiyokuwepo, anatetemeka na kufa mbele yako. Huyo anahitaji sindano ya glukosi kabla ya joto, na hiyo ni kazi ya daktari au mtu aliyefundishwa naye.

SHANGAZI: Na asiyeweza kuinua kichwa asimiminiwe kitu mdomoni, hata kijiko kimoja. Kinakwenda mapafuni.

MJOMBA: Kabisa.

SHANGAZI: Kuhusu kumtia joto nina neno, na nalisema kwa uzito. Kinangop usiku ni baridi, na nyumba nyingi humleta mwanakondoo chumba wanacholala wajukuu, wakafunga madirisha na kuacha jiko la makaa linawaka. Msifanye hivyo. Hewa ya makaa haina harufu ya kukuamsha, na inaua watoto na mwanakondoo pamoja. Jaza jerikani ya lita 5 maji ya moto, ifunge kwa blanketi, iweke ndani ya boksi lenye majani makavu, mwana alale ubavuni. Badilisha maji yakipoa. Inatosha.

MJOMBA: Sasa tuje kwenye chupa, maana hii ndiyo kazi ambayo mjukuu wa miaka minane na kuendelea anaweza kuishika mwenyewe, mtu mzima akiwa karibu.

SHANGAZI: Chupa ya plastiki ya soda, nusu lita, na chuchu ya mpira kutoka agroveti. Tundu la chuchu lipime hivi: pindua chupa, maziwa yadondoke tone moja moja. Yakimwagika mfululizo, tundu ni kubwa, atapaliwa.

MJOMBA: Na asimshike kama mtoto mchanga! Watoto wote hufanya hivyo: wanamlaza chali mapajani, chupa juu. Maziwa yanaingia mapafuni, na baada ya siku mbili unasikia pumzi inakoroma. Mwanakondoo hulishwa akiwa amesimama kwa miguu yake minne, shingo imenyooka mbele na kuinuka kidogo, vile anavyonyonya chini ya mama yake. Mtoto apige goti nyuma yake, amfungie kati ya mapaja, mkono mmoja chini ya taya, mwingine kwenye chupa.

SHANGAZI: Kiasi?

MJOMBA: Kadiria asilimia 20 ya uzito wake kwa siku katika wiki ya kwanza. Wa kilo 4 anapata mililita 800. Zigawe mara tano, mililita 160 kila mara. Wiki ya pili na ya tatu nenda mara nne, mililita 250 kila mara, kadiri anavyokua. Maziwa yawe na joto la mwili, nyuzi 39 hivi. Maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe yanafaa yakiwa mazima. Usiongeze maji. Ya kondoo yana mafuta zaidi hata ya hayo, kwa hiyo ukiyapunguza nguvu zaidi kwa maji unamtesa njaa.

SHANGAZI: Kinachoharibu hapa ni huruma. Wajukuu watatu, kila mmoja anampa chupa yake kwa siri. Jioni tumbo limejaa gesi, limekaza kama ngoma, na usiku amekufa. Ndiyo maana tunasema daftari litundikwe mlangoni: saa, kiasi, jina la aliyelisha. Hakuna jina, hakuna chupa. Mtoto anayeanza kusoma anaiweza hiyo, na anaipenda.

MJOMBA: Kazi nyingine ya watoto ni ya asubuhi, na macho yao yanaiweza kuliko ya babu. Nenda polepole, waamshe wanakondoo waliolala. Aliyeshiba husimama, akajinyoosha mgongo, akaenda kwa mama. Mwenye njaa husimama amejikunja, mgongo umepinda juu, tumbo limeingia ndani, haendi popote. Mtoto akihesabu waliojinyoosha na wasiojinyoosha, umejua nani wa kumkamata.

SHANGAZI: Sasa magonjwa yanayovuka kuja kwa watu. Hapa sitaki haraka.

MJOMBA: Tuanze na mjamzito. Kama kuna mama wa wajukuu aliye na mimba, asikanyage zizi la kuzalia, asishike mwanakondoo mbichi, asifue hata nguo za aliyezalisha. Kuna vijidudu kadhaa kwenye maji ya uzazi na kondo la nyuma vinavyoweza kutoa mimba ya binadamu.

SHANGAZI: Na kondo la nyuma halishikwi kwa mikono mitupu, wala halitupiwi mbwa. Glavu, au mfuko wa plastiki mkononi, kisha shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua.

MJOMBA: Kondoo mmoja kutupa mimba hutokea. Wakitupa wengi kwa wiki moja, na wanakondoo wachanga wanakufa kwa mkupuo, hasa baada ya mvua kubwa na mbu wengi, watoto watolewe zizini siku hiyohiyo, mtu asichinje, na ofisi ya mifugo ipigiwe simu. Hiyo inaweza kuwa Homa ya Bonde la Ufa. Jina lake halikutoka mbali: iliandikwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1931, kutokana na kondoo na wanakondoo waliokuwa wakifa katika shamba karibu na Ziwa Naivasha, hapo chini tu ya Kinangop. Kenya iliugua tena vibaya 1997 hadi 1998, na 2006 hadi 2007, mara zote mbili baada ya mvua zisizo za kawaida.

SHANGAZI: Ya kila siku zaidi ni vidonda vya mdomo, ule ugonjwa madaktari wanauita orf. Vigaga kwenye midomo ya mwanakondoo anayenyonya chupa, na baadaye mtoto anatoka uvimbe kidoleni. Mwenye vigaga alishwe na mtu mzima mwenye glavu. Na anayeharisha vilevile, maana kuharisha huko huwapata watoto, na wa chini ya miaka mitano huumia zaidi.

MJOMBA: Maji na sabuni kila wanapotoka zizini, sabuni ikae mlangoni. Vitakasa mikono haviui baadhi ya vijidudu vya kuharisha, kwa hiyo visichukue nafasi ya kunawa. Na hakuna kumbusu mwanakondoo. Najua ni ngumu, lakini ndivyo.

SHANGAZI: Dume la chupa je?

MJOMBA: Ah, hilo husahaulika. Dume aliyelelewa na watu haogopi watu. Mtoto anamsukuma paji la uso kwa kiganja, naye anarudisha, wanacheka. Akifika mwaka ana kilo 50 na anaendelea na mchezo uleule, safari hii anamwangusha nyanya aliyebeba ndoo. Msimsukume kichwani kamwe, mkuneni kifuani na chini ya kidevu. Na kama hatakuwa wa kuzalisha, ahasiwe mapema.

SHANGAZI: Pia waambiwe ukweli wake tangu siku ya kwanza. Kama ni wa kuuzwa Desemba, mtoto ajue Aprili, kwa maneno hayohayo: huyu tunamlea vizuri, kisha atauzwa. Wanaoumia ni wale wanaorudi likizo ya Agosti au Desemba, wakaambiwa amepotea. Jike ndiye wa kumpa mjukuu kama wake, maana atabaki na kuzaa.

MJOMBA: Na kabla hawajaondoka, wafundisheni kufunua kope la chini la kondoo. Masika ndiyo msimu wa minyoo inayonyonya damu tumboni. Rangi ya ndani ya kope iwe nyekundu. Ikifika waridi iliyopauka au nyeupe, damu imekwisha, apewe dawa. Kadi ya FAMACHA ina rangi tano za kulinganishia. Na kondoo wasipelekwe malishoni umande ukiwa bado, kwani viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yaliyolowa. Kondoo wekundu wa Kimaasai huvumilia minyoo hiyo kuliko kondoo wa aina ya Dorper, lakini kope zao pia zitazamwe.

SHANGAZI: Tumalizie na shule kufunguliwa. Walishaji wote watatu wanaondoka siku moja, na nyanya amebaki na chupa tano kwa siku.

MJOMBA: Basi mabadiliko yaanze wiki moja kabla. Wenye wiki tatu wapunguziwe hadi mara tatu kwa siku: alfajiri, adhuhuri, magharibi, kiasi cha kila mara kikiongezwa kidogo kidogo. Tangu wiki ya pili wawekewe majani makavu laini, maji safi, na chakula cha nafaka kiganja kimoja, ili tumbo la kucheua lianze kazi. Wiki ya sita hadi ya nane wataachishwa, mradi wanakula vizuri na wamefikia mara tatu ya uzito wa kuzaliwa.

SHANGAZI: Na daftari libaki mlangoni. Jina litakaloandikwa ni la nyanya.