Jinsi Ruta Inavyochagua Njia ya Pakiti

Karibuni, watazamaji. Leo nipo Moshi, na kompyuta iliyo mezani kwangu inatumia Windows. Fungueni Command Prompt, andikeni route print, kisha bonyezeni Enter. Chini ya maandishi IPv4 Route Table, tafuteni mstari unaoanza na 0.0.0.0. Hiyo ndiyo njia ya jumla: anwani yoyote isiyo na mstari wake hupitia huko, na kwenye safu ya Gateway mtaona anwani ya ruta yenu, yaani kifaa kinachounganisha mtandao wenu na mitandao mingine; anwani hiyo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Ruta nayo ina jedwali la namna hiyo. Pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni, ikiingia, ruta husoma anwani ya IP ya inakokwenda na kuilinganisha na mistari iliyopo. Wengi hudhani kwamba mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, jambo ambalo si kweli. Chukueni anwani 10.20.5.9, na jedwali lenye 0.0.0.0/0, 10.0.0.0/8 na 10.20.0.0/16. Mistari yote mitatu inalingana nayo, lakini ruta itafuata wa /16, kwa sababu huo umetaja biti 16 za mwanzo za anwani (biti ni tarakimu za 0 na 1 zinazoiunda) wakati mwingine umetaja 8 na ule wa jumla haukutaja hata moja. Gharama ya njia huangaliwa pale tu njia mbili zinapokuwa na anwani ileile na idadi ileile ya biti.

Isitoshe, ruta huchagua hatua inayofuata tu. Ni kama kibao cha Njia Panda ya Himo: humwonyesha dereva upande wa Holili na upande wa Same. Kona za mbele atazikuta hukohuko.

Sasa andikeni tracert -d www.wikipedia.org, amri inayoorodhesha ruta ambazo pakiti hupitia. Kompyuta hutuma pakiti yenye TTL, yaani hesabu ya hatua ilizobakiwa nazo, ya 1. Ruta ya kwanza huipunguza hadi sifuri, huitupa, na kurudisha taarifa inayofichua anwani yake. Kisha hutumwa ya 2, ya 3, na kuendelea. Mkiona nyota (*) badala ya majibu, msiogope. Niliwahi kumlaumu fundi bure kwa nyota hizo, kumbe ruta nyingine zimepangwa zisijibu.

Kati ya kampuni moja ya intaneti na nyingine, ruta hupashana habari za njia kwa BGP, yaani utaratibu wa kutangaziana njia, na hapo mikataba ya kibiashara yaweza kuishinda njia fupi. Kampuni mbili zilizoungana kwenye AIXP, kituo cha kubadilishana data za intaneti kilichoko Arusha, zaweza kupokezana pakiti hapohapo bila kuzipeleka kwanza Dar es Salaam.

Mwisho, unganisheni kompyuta na intaneti ya simu, mrudie amri ileile ya tracert, na mlinganishe mistari ya mwanzo.